Kielelezo kama Kiigizo na kama Swali: Historia Fupi ya Vielelezo vya Kuona katika Kufundisha Fikra za Kisanaa, kutoka Makerere hadi Komarock

Utangulizi

Kwa muda mrefu suala la vielelezo vya kuona limeachiwa walimu wa sanaa na wakufunzi wa vyuo vya ualimu. Picha, chati, sanamu na mchoro wa ubaoni huhesabiwa kuwa ni zana. Na zana, kama jembe au shoka, hudhaniwa kuwa haina haja ya lugha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo haipatani na historia ya mafunzo ya sanaa katika Afrika ya Mashariki. Yanadai kwamba kielelezo cha kuona hujenga fikra za kisanaa pale tu kinapofuatana na maneno yanayomlazimu mwanafunzi aseme anachokiona na kwa nini amekiona hivyo. Kinapokosa maneno hayo, hata kiwe kizuri namna gani, hugeuka kuwa kiigizo cha kunakiliwa.

Mahali pa kuupima mjadala huu ni Komarock, mtaa ulioko Eastlands, yaani upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, ukipakana na Kayole, si mbali na barabara iendayo Kangundo. Jina lake ni la kilima kilichoko mbele zaidi, upande wa Machakos. Wakazi wake wametoka katika makabila mengi ya Kenya, na watoto wao hukutana katika Kiswahili na katika Sheng, lugha ya vijana ambayo wataalamu, miongoni mwao Mohamed Hassan Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wameihusisha na mitaa hiyohiyo ya Eastlands. Mtoto wa Komarock amezungukwa na picha tangu anapotoka mlangoni mwa kwao. Swali ni kama ana maneno ya kuzichungua.

Neno lenyewe

Inafaa kuanza na neno "kielelezo", kwa sababu mgogoro wote unaojadiliwa hapa umo ndani yake. Mzizi wake ni kitenzi "elea". Chombo huelea juu ya maji. Na jambo lililokuwa limezama katika giza la kutofahamika, likiisha kufahamika, humwelea mtu. Kutoka hapo hupatikana "eleza", yaani kulifanya jambo lielee, na kutoka huko "elelezo" na "kielelezo". Kwa asili yake, basi, kielelezo ni kitu kinachoinua maana hadi juu ya maji ili ionekane.

Lakini neno hilo lina maana ya pili. Kielelezo ni pia ruwaza, yaani mfano wa kufuatwa. Mtu mwema huitwa kielelezo kwa vijana, na hapo hakusudiwi kuwaeleza jambo bali kuwa sura watakayoiiga. Maana hizi mbili zimeishi pamoja bila kugombana katika matumizi ya kila siku. Darasani, hata hivyo, hugombana sana. Mwalimu anapobandika picha ukutani, je, amewataka wanafunzi waelewe au wafuatishe? Neno lake halimsaidii kuamua, na aghalabu naye hakuamua.

Hata kitenzi "chora" kina historia inayofaa kukumbukwa. Katika matumizi ya zamani ya pwani, kuchora kulikuwa ni kutia alama kwa kuchonga au kukata, kama afanyavyo fundi wa nakshi za milango, kabla ya maana ya kalamu na karatasi kutawala. Mchoro wa aina hiyo ni kazi ya mkono uliofunzwa na mkono mwingine. Ndiko kulikoanzia namna ya kwanza ya kielelezo.

Kielelezo cha fundi

Mfano mashuhuri unatoka katika nchi ileile ambako barabara ipitayo karibu na Komarock inaelekea. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, alifika Tanganyika, na huko akajifunza uchongaji kwa kuwatazama wachongaji wa Kizaramo. Aliporejea aliendeleza kazi hiyo nyumbani, na kutoka kwake na kwa jamaa zake ukaenea uchongaji wa kibiashara wa Wakamba, ambao baadaye ulijenga vituo katika Gikomba, Nairobi, na katika Changamwe, Mombasa.

Katika karakana ya namna hiyo kielelezo ni kinyago kilichokamilika. Mwanagenzi hupewa twiga au swala wa kutazama, naye huchonga mfano wake mara nyingi hadi mkono uzoee. Si haki kuidharau njia hii, kama walivyofanya baadhi ya wahakiki waliokiona kila kinyago cha dukani kuwa ni bidhaa tupu. Kuiga kwa namna hii hufundisha ustadi, subira na heshima kwa mti wenyewe. Tena mwanagenzi hakuachwa na kielelezo peke yake: fundi alikuwapo, akamwambia hapa umekata mno, pale shingo imekaza. Maneno hayo ya fundi ndiyo yaliyokuwa mafunzo. Upungufu wa njia hii ni kwamba soko lilitaka twiga yuleyule, na kwa hiyo mazungumzo yalikoma pale mfano ulipofikiwa.

Makerere: maneno bila picha

Njia iliyo kinyume kabisa ilitokea Uganda. Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomea sanaa katika chuo cha Slade na baadaye ualimu huko London chini ya Marion Richardson, alifika Kenya mwaka 1929 pamoja na mumewe aliyekuwa daktari, na kwa muda waliishi Machakos, katika nchi ya Wakamba, ambako alivutiwa na kazi za mikono za wenyeji. Baadaye walihamia Uganda, na mwaka 1937 akaanza kuwafundisha wanafunzi wachache uchoraji. Darasa hilo dogo ndilo lililokua na kuwa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo hatimaye ilipewa jina lake. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa katika Imperial Institute, London.

Trowell aliogopa kielelezo. Kutoka kwa Richardson alikuwa amechukua zoezi la kumtaka mwanafunzi atulie, asikilize masimulizi ya mwalimu, na kuijenga picha moyoni kabla ya kushika brashi. Huko Uganda zoezi hilo lilipata sababu nyingine: mwalimu hakutaka wanafunzi wake waige michoro ya Ulaya, wakapoteza, kwa maoni yake, namna yao wenyewe ya kuona. Kwa hiyo alisimulia soko, mavuno, harusi au kisa cha Biblia, nao wakachora walichokisikia. Hapa kielelezo kilikuwa ni neno lenyewe.

Msomaji wa jarida la lugha atatambua mara moja kwamba huu ulikuwa ni ufundishaji wa taswira, kwa maana ileile itumiwayo na wahakiki wa ushairi. Matunda yake hayakuwa haba. Gregory Maloba wa Kenya, mwanafunzi wake wa mwanzo, alikuwa mchongaji mkubwa na mwalimu, na sanamu yake ya Uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962 ingali inajulikana. Sam Ntiro wa Tanganyika aliendelea maisha yake yote kuchora mashamba na watu wa Kilimanjaro kwa mtindo ambao hakuna aliyeweza kusema ameuiga Ulaya.

Hata hivyo, njia hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba kumkinga mwanafunzi na picha za ulimwengu ni kumwamulia nani yeye ni nani. Na aliyeamua hapo alikuwa mgeni katika nchi iliyotawaliwa. Ya pili ni kwamba maneno yalitoka upande mmoja. Mwalimu alisimulia, mwanafunzi alichora. Mwanafunzi hakutakiwa sana kuisema picha yake mwenyewe au kuitetea mbele ya wenzake. Trowell alipostaafu mwaka 1958, mrithi wake Cecil Todd aliigeuza njia hiyo: aliingiza masomo ya historia ya sanaa ya ulimwengu na nadharia ya rangi, na picha za mabingwa wa ng'ambo zikaonekana darasani. Katika muda wa miaka michache tu Makerere ikawa imejaribu pande zote mbili za mgogoro: maneno bila picha, kisha picha nyingi zilizokuja na maneno ya mbali.

Nairobi: paa yapaa

Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932 na kusomea Makerere, aliuleta mgogoro huo Nairobi. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuwa amechora michoro mitano mikubwa ya ukutani katika kanisa la Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, akionyesha maisha ya Yesu katika mandhari na nyuso za watu wa mahali hapo. Michoro hiyo ni kielelezo katika maana ya kwanza ya neno: haikumtaka mwumini aige chochote, bali ilimlazimu aulize kwa nini mkombozi yumo miongoni mwa miti anayoifahamu.

Mwaka 1965 Njau na wenzake walianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa. Jina hilo ni mchezo wa maneno unaowapendeza wenye lugha: paa, mnyama wa porini, ndiye huyo anayepaa. Wito mashuhuri wa Njau uliwakataza wanafunzi kunakili, kwa hoja kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Kituo kilihamia baadaye pembeni mwa jiji, na mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mali yake. Lakini wito ule ulibaki katika kumbukumbu za wasanii wa Kenya.

Katika miaka hiyohiyo Terry Hirst, aliyefundisha sanaa katika chuo cha Kenyatta, alishirikiana na Hilary Ng'weno kuanzisha gazeti la Joe mwaka 1973, lililowachorea watu wa Nairobi maisha yao ya kila siku kwa mzaha. Katika Taifa Leo, Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Kiswahili kwa miongo mingi. Katuni hizi zilikuwa na jambo ambalo madarasa hayakuwa nalo: picha na neno la kila siku zilikaa katika kisanduku kimoja. Msomaji hakuweza kuielewa moja bila nyingine. Ni ajabu kwamba shule hazikuona kwamba hapo palikuwa na kielelezo kilichokamilika.

Mwaka 1985 na nafasi iliyopotea

Mfumo wa elimu wa 8-4-4, uliotokana na mapendekezo ya tume ya Mackay ya mwaka 1981, ulianza mwaka 1985. Mfumo huo ulifanya mambo mawili yenye uzito kwa mjadala huu. Ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, na uliipa sanaa na kazi za mikono nafasi katika mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Masomo haya mawili yaliingia kwa mlango mmoja, katika mwaka mmoja, lakini hayakusalimiana. Kiswahili kilifundishwa kwa Kiswahili. Sanaa, kama masomo mengine ya madarasa ya juu, ilifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Eastlands, ambaye katika miaka mitatu ya mwanzo sera ilimruhusu afundishwe kwa lugha ya mazingira yake, alifika darasa la nne akaambiwa aueleze mchoro wake kwa lugha ambayo hakuwahi kuitumia kushangaa, kubisha au kusifu.

Matokeo hayakuwa magumu kutabiri. Pale maneno yalipokosekana, kielelezo kilirudi kwenye maana yake ya pili. Chati ilibandikwa, mwalimu akachora chungu ubaoni, na darasa zima likachora chungu hichohicho. Mtihani nao ulihitaji majibu yanayosahihishika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, masomo yalipopunguzwa, sanaa iliondolewa katika mtihani huo, na katika shule nyingi kipindi chake kikachukuliwa na masomo yanayotahiniwa.

Mtaala wa umilisi ulioanza kujaribiwa mwaka 2017 na kuenezwa madarasani mwaka 2019 umeirudisha sanaa, na katika shule ya sekondari ya juu umeweka mkondo mzima wa sanaa na michezo. Kwa hiyo swali la kielelezo si la wahifadhi wa makumbusho. Mtoto wa Komarock atakayechagua mkondo huo atapimwa kwa namna anavyofikiri kisanaa, si kwa usafi wa chungu chake tu.

Mazoea manane na tafsiri yake

Fikra za kisanaa ni nini hasa? Mwaka 2007 watafiti wa Marekani, Lois Hetland na Ellen Winner pamoja na wenzao, waliohusiana na mradi wa Project Zero wa Harvard ulioasisiwa mwaka 1967, walichapisha matokeo ya kuchunguza madarasa ya sanaa. Walitaja mazoea manane ya akili ambayo walimu hodari huyajenga. Kwa Kiswahili yanaweza kusemwa hivi: kukuza ustadi, kujibidiisha bila kukata tamaa, kuona kwa jicho la moyo, kudhihirisha maana, kuchunguza, kutafakari, kuthubutu kujaribu, na kuufahamu ulimwengu wa sanaa. Tangu hapo walimu wengi wameyageuza mazoea hayo kuwa mabango ya ukutani, kila zoea na picha yake.

Historia iliyosimuliwa hapo juu inatoa onyo. Bango la mazoea manane laweza lenyewe kuwa kiigizo: wanafunzi wakalikariri kama walivyokariri chati ya sehemu za ua. Mtu hajifunzi kuchunguza kwa kulisoma neno "chunguza". Ndiyo sababu njia iliyobuniwa na Abigail Housen na Philip Yenawine, iliyoenea katika miaka ya 1990, haikuanza na orodha bali na maswali matatu juu ya picha moja: kuna nini kinachotendeka hapa, mtazamaji ameona nini hata akasema hivyo, na ni kitu gani kingine kinachoweza kupatikana. Swali la pili ndilo lenye uzito. Linamrudisha mwanafunzi kwenye picha ili alete ushahidi, na ushahidi huo hauna budi kusemwa.

Hapa Kiswahili si lugha maskini inayosubiri istilahi. Kina "tazama", "angalia", "kagua", "chungulia", "chunguza", "bainisha", "linganisha" na "kadiria", na kila kimoja kinaagiza jicho kazi tofauti. Majina yake ya rangi ni mafunzo ya kuona yaliyokwisha kutungwa: kijivu humrejesha mtu kwenye jivu, manjano kwenye kiungo cha jikoni, zambarau kwenye tunda, samawati kwenye mbingu, maji ya kunde kwenye sufuria iliyochemka, na damu ya mzee kwenye wekundu uliokolea hadi kukaribia weusi. Rangi hukolea, hupauka, huiva, huchujuka. Mwalimu anayewauliza wanafunzi kama kijivu cha ukuta ni cha jivu la kuni au la makaa ameshafundisha uchunguzi kabla ya kufungua kopo la rangi.

Komarock: kielelezo kinachopita barabarani

Vielelezo vya Komarock havihitaji kununuliwa. Fundi wa geti la chuma hupinda nondo kuwa maua kando ya njia. Mwandishi wa mabango hupaka jina la kinyozi na sura yenye nywele zilizonyolewa. Na matatu za njia za Eastlands hupita zikiwa zimepambwa kwa nyuso, herufi na taa. Michoro ya matatu ina historia yake na dola. Kanuni za usafiri za mwaka 2004 zilizoamuru mstari wa manjano zilififisha urembo huo, na miaka kumi baadaye msimamo wa serikali ukalegea, michoro ikarudi kwa nguvu. Kwa kijana wa Eastlands, hilo peke yake ni somo la zoea la nane: kwamba sanaa ina ulimwengu wake, wenye sheria, wateja, wakosoaji na malipo.

Lakini kuzungukwa na picha si kuzichunguza. Ni kweli kwamba macho hayana pazia. Huona kila kinachopita. Mwanafunzi anaweza kupanda gari hilohilo kwa mwaka mzima asiulize kwa nini herufi zimelazwa nyuma, kwa nini uso mmoja umetiwa kivuli upande wa kushoto tu, au kwa nini mchoraji ameacha nafasi tupu karibu na mlango. Akiulizwa, atajibu kwanza kwa Sheng, na mwalimu asimkatize. Kazi ya mwalimu ni kulipokea jibu hilo, kumtaka aonyeshe alichokiona, kisha kumpa neno sanifu pale linapomsaidia kuona zaidi: uwiano, kina, mkazo, mwangaza. Istilahi inayokuja baada ya jicho hukaa. Ile inayotangulia jicho hukaririwa na kusahauliwa.

Mfano wa karibu unaonyesha kwamba matumaini haya si ya bure. Wajukuu, kikundi cha wasanii kilichoanzishwa mwaka 2004 katika Lunga Lunga, Mukuru, kimewafundisha watoto wa mtaa huo sanaa kwa vitu vya mtaa huo, na mwaka 2022 kilialikwa kwenye maonyesho ya documenta huko Kassel, Ujerumani, kikatunukiwa tuzo ya Arnold Bode. Mabati na vyuma ambavyo wengine waliviona kuwa takataka vilikuwa kwao vielelezo vya kuulizwa.

Hitimisho

Historia hii imeonyesha namna nne za kielelezo: kinyago cha fundi kilichofuatana na maneno machache ya kusahihisha, masimulizi ya Makerere yaliyokuwa maneno bila picha, picha za ng'ambo zilizofika na maneno yao ya kigeni, na chati ya shule iliyobaki bila maneno yoyote. Hakuna hata moja iliyokuwa na kosa katika picha yenyewe. Kila mara kilichopungua ni zamu ya mwanafunzi kusema.

Idara za lugha, basi, haziwezi kuendelea kusimama kando. Mwalimu wa fasihi na mwalimu wa sanaa hutumia neno moja, taswira, katika shule moja, bila kukaa pamoja. Kazi iliyo mbele ni ya kawaida na inawezekana: kukusanya msamiati wa kuona kutoka kwa mafundi wa nakshi, wachongaji, wapaka rangi na wachoraji wa matatu, kuuratibu, na kuuweka mikononi mwa walimu wa shule za msingi pamoja na maswali ya kuutumia. Kazi hiyo ikifanywa, picha iliyobandikwa ukutani Komarock itaweza kurudi kwenye asili ya jina lake, ikawa kitu kinachoifanya maana ielee mbele ya macho ya mtoto, naye akaweza kuitaja.